Ala ya Bastola Ni Amana

Nasaha kwa familia zenye ndugu wanaoishi Marekani

Hapana shaka kuwa wasomaji wetu wengi leo wana mtoto, ndugu au jirani anayeishi Marekani. Wapo waliokwenda kusoma, wapo waliokwenda kutafuta riziki, na wapo ndugu zetu wa Kongo waliopokewa huko baada ya miaka mingi ya maisha ya kambini. Kila wanapopiga simu husimulia habari za baridi, za kazi na za shule za watoto. Lakini lipo jambo moja ambalo wazazi huku nyumbani hulisikia kwa mshituko: kwamba dukani au njiani, mtu anayepita kando yako anaweza kuwa na bastola kiunoni, chini ya shati, na sheria ikawa inamruhusu. Na mara nyingine anayesimulia huongeza, kwa sauti ya chini, kuwa naye amenunua.

Sababu za kununua ni nyingi. Wapo wafanyao kazi za usiku na kurudi nyumbani alfajiri. Wapo pia walioingiwa na hofu baada ya Machi 15, 2019, pale mtu mmoja alipoishambulia misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, na kuua Waislamu 51 siku ya Ijumaa. Tangu hapo misikiti katika nchi nyingi imetafakari upya namna ya kulinda milango yake, na baadhi imeweka waumini wa kujitolea wanaokesha mlangoni wenzao wanaposali.

Sisi hatuandiki makala haya ili kumshawishi mtu yeyote abebe silaha. Uamuzi huo ni mzito, na kila familia itaupima kwa hali yake na kwa ushauri wa watu wa elimu. Tunachokusudia ni kumsaidia yule aliyekwisha kuamua, pamoja na mke, mume au mzazi anayeishi naye nyumba moja. Tunataka kuzungumzia kitu ambacho wengi hukinunua mwisho, tena kwa fedha iliyobaki: ala ya bastola, au holsta kama wanavyoiita huko. Kwa maoni yetu hicho ndicho kitu cha kutazamwa mapema kabisa. Huenda mtu asiifyatue bastola yake hata mara moja kwa haja ya kujilinda maisha yake yote. Lakini ala hufanya kazi kila saa anapoivaa, na wanaolindwa nayo kwanza ni mbebaji mwenyewe na watu wa nyumbani kwake.

Sheria kwanza

Huku kwetu raia hawezi kumiliki bastola bila ya leseni, na Tanzania jambo hilo husimamiwa na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Marekani mambo yako mbali na hapo. Juni 2022, Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi maarufu kwa jina la Bruen, iliamua kuwa Katiba yao inalinda haki ya mtu kubeba bastola nje ya nyumba kwa ajili ya kujihami. Zaidi ya nusu ya majimbo 50 hayadai tena kibali kwa mtu mzima anayeruhusiwa kisheria kumiliki silaha. Texas iliingia katika kundi hilo Septemba 2021, na Ohio Juni 2022. Majimbo mengine, kama Minnesota, New York na California, bado yanataka kibali.

Hata hivyo, ruhusa hiyo ina mipaka ambayo mgeni anaweza kuivuka bila kujua. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, wakiwamo wanafunzi, kumiliki silaha ya moto au risasi, isipokuwa kwa hali chache maalumu. Asiye na hati halali za kuishi naye amekatazwa. Majengo ya serikali kuu hayaingiwi na bastola. Ohio, ambako wanaishi ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki, sheria inakataza kubeba silaha katika nyumba ya ibada, msikiti ukiwamo, mpaka wenye nyumba hiyo waruhusu. Kwa hiyo kijana asiseme kuwa jimbo lake halitaki kibali akadhani amemaliza. Kabla ya kununua chochote, na asome sheria ya jimbo lake na amuulize mwanasheria kuhusu hadhi yake ya uhamiaji.

Adabu ya silaha ni ya zamani

Wapo wanaodhani kuwa mambo ya ala ni ya mafundi wa Kimarekani tu. Ukweli ni kwamba dini yetu ilitangulia kuyasemea. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye kupita misikitini au sokoni na mishale ashike vyema ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Katika nyingine, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Jabir (r.a.), alikataza watu kupeana upanga uliochomolewa alani. Na katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) alikataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, kwa kuwa hajui huenda shetani akaupeleka mkono wake asikokusudia.

Tukizitazama hadithi hizi kwa pamoja tunaona kuwa aliyeangaliwa ni mpita njia. Ncha ya mshale hufunikwa kwa ajili yake, na upanga hutiwa alani kwa ajili yake. Bastola ya leo ina ncha yake pia, nayo ni kifyatulio, yaani kile kichuma kinachovutwa kwa kidole. Anayebeba bastola bila kukifunika kifyatulio hicho hana tofauti na aliyeingia sokoni na mishale iliyochomoza huku na huku.

Yaliyotokea pasipo ala

Mfano mmoja uliotangazwa dunia nzima ni wa Plaxico Burress, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa timu ya New York Giants. Februari 2008 ndiye aliyepata alama za ushindi katika fainali ya Super Bowl. Novemba mwaka huohuo aliingia katika ukumbi wa starehe mjini New York akiwa amechomeka bastola kiunoni mwa suruali, bila ya ala. Bastola ikateleza kuelekea mguuni. Alipojaribu kuidaka ikafyatuka, na risasi ikampiga pajani. Kwa kuwa hakuwa na kibali cha jimbo hilo, mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 2. Tajiri na mashuhuri kama yule aliponzwa kwa kukosa kitu ambacho bei yake haizidi ya jozi ya viatu.

Mfano wa pili ni wa huzuni zaidi. Mwishoni mwa 2014, katika duka moja jimboni Idaho, mtoto wa miaka 2 aliyekuwa ameketi kwenye kitoroli cha manunuzi aliingiza mkono katika mkoba wa mama yake, akaifikia bastola, ikafyatuka, na mama akafariki papo hapo. Mama huyo alikuwa na kibali, na mkoba wenyewe ulikuwa wa aina inayotengenezwa mahsusi kwa kubebea silaha. Basi kibali hakikutosha, wala mkoba maalumu.

Tusisahau pia kuwa tangu 2020 silaha za moto ndizo zimekuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa umri wa kati ya mwaka 1 na 19 nchini Marekani, zikizipita hata ajali za magari.

Kazi nne za ala

Ala nzuri hutambulikana kwa kazi nne. Ya kwanza, hufunika kifyatulio chote, pamoja na ile pete inayokizunguka, kwa ukuta mgumu usioweza kubonyezwa kwa nje. Bastola nyingi za kisasa, kama zile za Glock, hazina kitufe cha pembeni cha kuzifunga. Kinga yake imo ndani ya kifyatulio chenyewe, nayo hufunguka mara kinapovutwa. Kinachokivuta kinaweza kuwa kidole cha mtu, kidole cha mtoto, ncha ya shati au kamba ya jaketi. Bastola haijui tofauti.

Ya pili, huishika bastola isianguke mtu anapoinama, anapokimbia au anapojikwaa. Ya tatu, mdomo wake hubaki wazi bastola inapotoka, ili irudishwe kwa mkono mmoja bila ya kupapasa. Ala inayosinyaa humlazimisha mtu aishike kwa mkono wa pili, na hapo mtutu hupita mbele ya vidole vyake mwenyewe. Ya nne, hung'ang'ania mkanda, isije ikachomoka pamoja na bastola.

Ngozi, plastiki au nailoni

Ngozi ndiyo ya asili. Huzoeana na mwili, haipigi kelele, na wengi huiona laini zaidi ubavuni. Kasoro yake ni kwamba hunywa jasho na kulegea. Ngozi iliyochakaa hujikunja mdomoni, na mkunjo huo ukiingia katika pete ya kifyatulio unaweza kukivuta wakati mtu anairudisha bastola. Mwenye ala ya ngozi na aikague mara kwa mara, na siku itakapoanza kulegea aitupe bila ya kuihurumia.

Plastiki ngumu iitwayo Kydex ilianza kutumika miaka ya 1960, ikiwamo katika kupamba ndani ya ndege. Hulainishwa kwa joto na kufinyangwa kwa umbo la bastola ya aina moja, ndiyo maana bastola ikiingia husikika ikibana. Hainywi jasho, wala haijikunji. Lakini ni ngumu mwilini, na skrubu zake hulegea. Zinafaa kukazwa kila baada ya muda. Zipo pia za mchanganyiko: gamba la plastiki kwa nje na ngozi au kitambaa upande wa mwili.

Ama zile za nailoni laini, zinazouzwa kwa bei ndogo na kuandikwa kuwa zinafaa bastola zote, tunashauri ziepukwe. Kinachofaa zote hakiishiki hata moja sawasawa, na kitambaa laini hakimzuii mtu kukibonyeza kifyatulio kwa nje. Ala madhubuti ya Kydex hupatikana kwa takriban dola 50 hadi 100. Mtu aliyetoa mamia ya dola kwa bastola asilione hilo kuwa ni gharama.

Mahali pa kuivaa

Wamarekani hutaja mahali pa mwili kwa namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa ya ukutani: kitovu ni 12, nyonga ya kulia ni 3, uti wa mgongo ni 6. Wanaotumia mkono wa kulia wengi huivaa ndani ya suruali kati ya 3 na 4, nyuma kidogo ya nyonga, ikiwa imeinamishwa mbele kidogo ili mpini usichomoze. Hapo panastahimilika kwa kutwa nzima, lakini mtu akiinama mpini hujichora katika shati.

Wengine huivaa mbele, kati ya 12 na 1. Hapo hufichika vizuri, na mwenyewe huiona na kuilinda kwa mikono yake. Lakini mtutu huelekea pajani, penye mshipa mkubwa wa damu, kwa hiyo kosa la kuirudisha vibaya linaweza kuwa la mwisho. Mwenye tumbo au mwenye kazi ya kuketi, kama dereva, pia hupata taabu.

Kwenye 6, juu ya uti wa mgongo, hatupashauri: akianguka chali huangukia chuma. Ala ya kwapani huuelekeza mtutu kwa aliye nyuma yako. Ya kifundo cha mguu huchosha na ni ngumu kufikiwa. Ya mfukoni inafaa bastola ndogo tu, nayo ni lazima iwe na ala yake ndani ya mfuko, na mfuko huo usitiwe funguo, sarafu wala tasbihi.

Raha ni sehemu ya usalama

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Watu wengi huona kuwa kuvaa kwa raha ni jambo la anasa, na kwamba mwenye nia atavumilia maumivu. Tunaomba litazamwe vingine. Glock 19 iliyojaa risasi 15 hukaribia uzito wa gramu 850. Uzito huo ukimchubua mtu nyongani, siku ya kwanza atavumilia na siku ya tatu atavumilia. Siku ya kumi ataitoa akiwa garini na kuiweka chini ya kiti, au ataitoa chooni na kuiweka juu ya tangi la maji, au atafika nyumbani amechoka na kuilaza juu ya meza ya chumbani. Bastola nyingi huibwa magarini. Nyingine huokotwa vyooni na watu wasiojulikana. Na ile ya juu ya meza huifikia mtoto. Kila mara silaha inapoingia na kutoka mwilini bila ya mpango, mlango mmoja wa ajali hufunguliwa.

Kwa hiyo ala inayomchosha mtu ni ala mbovu, hata kama imefunika kifyatulio. Dawa ya kwanza ni mkanda. Mkanda mwembamba wa suruali ya ofisini hupinda, bastola ikaning'inia na kumvuta upande mmoja. Mkanda mgumu uliotengenezwa kwa kazi hiyo husambaza uzito kiuno kizima. Ya pili ni suruali yenye nafasi ya kutosha kiunoni. Ya tatu ni ukuta wa ala unaopanda juu kidogo ili chuma kisigusane na ngozi yenye jasho, na kipande cha sponji upande wa mwili. Ya nne ni bastola yenyewe: ikiwa kubwa kwa umbo la mbebaji, hakuna ala itakayomponya.

Dada zetu na mkoba

Mavazi ya dada zetu, baibui na nguo pana, hayana mkanda, ndiyo maana wengi huelekea kwenye mkoba. Mfano wa Idaho unatosha kuwa onyo. Mkoba huporwa, huwekwa kitini, husahauliwa, na mikono ya watoto huuzoea kwa kutafuta peremende. Kwa aliyeazimia kubeba, upo ukanda mpana wa lastiki unaofungwa kiunoni chini ya nguo. Ukanda huo uwe na gamba gumu juu ya kifyatulio, kwani lastiki peke yake ina aibu ileile ya nailoni. Kanzu ya mwanamume nayo ina hukumu hiyohiyo.

Wakati wa sala

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 102, Mwenyezi Mungu alipoeleza sala ya hofu vitani aliamuru kundi linalosali libaki na silaha zake. Kisha akawaondolea lawama wenye kuudhiwa na mvua au maradhi waziweke kando, huku wakichukua hadhari. Aya hiyo ilishuka kwa hali ya vita, wala hatuipeleki pasipo pake. Lakini inatukumbusha kuwa udhia wa mbebaji umezingatiwa, na kwamba hata anapopumzishwa, hadhari haiondoki.

Pale ambapo sheria na kamati ya msikiti zimeruhusu, ni bora mlinzi akae mlangoni kwa zamu na kusali baadaye, kuliko kusujudu akiwa na bastola katikati ya safu yenye watoto. Na bastola isitolewe na kulazwa mahali pa kutawadhia hata kwa dakika moja.

Namna ya kuijaribu

Kabla ya kuiamini ala, na ijaribiwe nyumbani kwa bastola tupu. Risasi zote zitolewe, chemba itazamwe kwa macho na kwa kidole, na risasi zipelekwe chumba kingine. Kisha aibonyeze ala kwa nje aone kama kifyatulio kinasogea. Aigeuze juu chini juu ya godoro na kuitikisa, bastola isianguke. Aivae, akae, apande ngazi, arukuu na kusujudu, ambebe mtoto. Aendelee kuivaa na bastola tupu kwa siku kadhaa nyumbani mpaka ajue inapomuuma.

Anapoirudisha bastola alani, asiharakishe. Aondoe shati, atazame kwa macho, na kidole kiwe mbali. Akihisi kizuizi asisukume. Atoe na kutazama tena. Jioni anapoivua, ni salama zaidi kuivua ala pamoja na bastola ndani yake, na vyote viwili viingie katika kisanduku cha chuma chenye kufuli. Ala humlinda mtu akiwa ameivaa. Ikishavuliwa haimzuii mtoto.

Tunawaomba wazazi wenye vijana huko wasiishie kuuliza kama mwanao ana silaha. Muulize inakaa wapi anapoendesha gari, anapotawadha na anapolala, na msikilize kama jibu lake ni moja au ni matatu. Mwenye jibu moja kwa kila swali amekwisha kulifikiria jambo lake. Mwenye kusitasita anahitaji nasaha yako kabla ya kuhitaji bastola.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi ndugu zetu popote walipo, awaepushe na haja ya kuitumia silaha, na awajaalie kuichunga amana waliyojibebesha. Amin.